Vidole vya Mama Begani

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu. Nilikuwa msichana, enzi za Mwingereza, nikiishi na mama kwenye shamba la mkonge nje ya Korogwe. Mama alikuwa Mzigua wa Kang'ata, mjane, kazi yake kuanika nyuzi za mkonge juani. Kidole chake cha shahada kilikatwa na mashine ya kiwandani, kikabaki nusu. Kwa mkono huohuo alinilea, akanisomesha mpaka darasa la nne. Nami nikajiona msomi. Usicheke.

Siku hiyo Mzungu mmoja, fundi wa mitambo, alikuja uwanja wa kuanikia na kamera mpya. Sisi tulizoea picha za studio ya mjini: unapigwa leo, unaifuata wiki ijayo, na ukitaka nyingine unasafishiwa. Huyu alitupiga mimi na mama, akavuta karatasi, akatazama saa yake kama dakika moja hivi, akaibandua. Tukajiona tumo. Wanawake wa uwanjani waliacha kazi wote. Mama, na kaniki yake iliyochanika na nyuzi kichwani, alikuwa hajapigwa picha tangu azaliwe. Aliishika kama mtu aliyeshika yai.

"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Sasa wakati huo karani mmoja wa stesheni alikuwa ananitaka, na mama yake aliomba picha yangu aione kabla ya kuleta posa. Nikaitazama ile picha. Mimi na gauni langu la maua, mama na kaniki yake. Niliona haya, mwanangu. Nilimwonea haya mama yangu mzazi. Nikachukua wembe nikamkata, kipande chake nikakitia jikoni, kikaungua. Nikajipa moyo kwamba Mzungu atanitolea nyingine, kama studio. Mama alipouliza, nikamwambia nimeipeleka mjini ikakuzwe, naye akaenda kuwatangazia wenzake kwa furaha.

Nilipomfuata fundi, alitikisa kichwa. Picha ya kamera ile hutoka moja tu, haiachi kitu cha kusafishia nyingine, na karatasi zake zilikuwa zimekwisha. Maji yalikwisha kumwagika.

Kipande changu nilikuwa nimeshampelekea mama wa yule kijana mjini, naye akaniandikia: mkono huu ulio begani mwako ni wa nani? Maana mwili wa mama niliukata, lakini vidole vyake vilikuwa juu ya bega langu, na kile kifupi kati yao. Nikajibu ni wa kibarua tu, alikuwa anapita.

Njia ya mwongo ni fupi. Baada ya siku chache yule bibi akaja mwenyewe. Mama akampa mkono, akamkaribisha mkekani, akamletea chai. Bibi hakukipokea kikombe. Aliutazama ule mkono uliokishika, kisha akatoa picha kwenye kitambaa, akaiweka mkekani.

"Binti," akaniambia taratibu, "mimi sikuja kutafuta gauni. Nilitaka kujua umelelewa na nani. Mkataa kwao mtumwa."

Mama aliitazama picha kwa muda. "Chai inapoa, dada," akasema. Hakuligusia jambo lile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Laiti angenichapa.

Bibi alikubali niolewe, lakini alisema wazi kwamba anafanya hivyo kwa heshima ya mama. Baadaye fundi alipata karatasi nyingine, nikambembeleza mama apigwe. "Mimi nilishapigwa," akanijibu, akaendelea kuanika. Alifariki bila kupigwa tena. Ninyi wajukuu zake, wewe ukiwemo, mnamjua kwa vidole tu.

Ninyi leo mna simu zenye picha maelfu, na kumfuta mtu ni kugusa kioo. Basi nakuusia: usimwondoe aliyekubeba ili upendeze mbele ya watu usiowajua. Ukishamwonea haya, mwambie, umwombe radhi angali hai. Mimi nilingoja neno zuri, na mama akaondoka sijalisema.

Mungu akujalie umheshimu mama yako angali anakuona, na mkono wake usiondoke begani mwako.