Ruta Ilijibu

Siku hizo nilikuwa na kibanda cha intaneti Nakivubo: kompyuta tatu, na maneno mengi kuliko ujuzi. Mteja akilalamika kwamba mtandao hauendi, nilikuwa na dawa moja tu, ping. Unaituma kompyuta ikapige hodi mahali fulani. Ikijibiwa, njia ya kufika hapo ni nzima. Watu waliniita fundi, na mimi sikuwakatalia.

Asubuhi moja akaja mama mmoja Mkongo, muuza vitenge wa jirani. Dada yake alikuwa hospitalini Bukavu, angepasuliwa saa sita. Hakuweza tena kusema; mama alitaka waonane tu kabla hajaingizwa. Mpwa wake angeshika simu kule kitandani.

Tukapiga. Kidude cha kusubiri kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka, wapi! Nikatuma ping kwenye ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti kilichotundikwa ukutani juu ya kichwa changu. Ikajibu mara nne, chapchap.

"Mama, huku kwetu kuko sawa," nikamwambia, tena kwa ukali, maana nilichukia kutiliwa shaka. "Hao wa Bukavu ndio wamezima simu."

"Jaribu tena, mwanangu."

Nikajaribu, kumridhisha tu. Saa sita ikapita. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Mchana mteja mwingine akalalamika. Safari hii nikatuma ping nje, mbali. Kimya. Nikafuata waya unaotoka kwenye ruta kwenda juu ya paa: umechomoka. Niliusukuma mwenyewe kwa ufagio wakati wa kufagia asubuhi, kabla mama hajaja. Banange! Nilikuwa nimepiga hodi chumbani mwangu, nikajiitikia, halafu nikaapa kwamba njia yote hadi Bukavu ni nzima. Niliona haya, nikauchomeka tena.

Yule dada alipasuliwa, hakuamka tena.

Wiki iliyofuata mama alirudi kunishukuru. Kunishukuru mimi! Aliniletea mihogo ya kuchemsha. Akasema mpwa wake anapiga simu kila siku akilia, anaapa alikaa na simu kitandani mpaka wauguzi wakamwondoa.

"Mwongo mkubwa," akasema. "Wewe si ulipima mbele ya macho yangu? Simpokei tena, hata nife."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema, "Pole, Mama," nikapokea mihogo.

Mpaka leo hawasemezani.