Baba Mkwe Alivyosikia Maneno ya Mbwa

Mbwa wetu Tigre nilimlea tangu alipokuwa mdogo wa kulala ndani ya kiatu cha mume wangu. Alipokomaa, hakuna mwizi aliyethubutu kuruka ukuta wetu hapa Naviundu. Sasa amezeeka. Hasikii, miguu ya nyuma inamlegea, na anajikojolea palepale anapolala. Kila asubuhi namwosha, namlisha uji kwa mkono, ndipo niende sokoni. Nimechoka jamani, na kwa kuwa hasikii, nimezoea kumpigia kelele.

Juma lililopita baba mkwe alitoka Kasomeno kuja kutibiwa macho. Tulimlaza chumba kinachopakana na jiko, na jikoni ndiko anakolala Tigre. Kulipokucha nikakuta sakafu imelowa.

"Umekojoa tena!" nikafoka. "Kila siku miye na mikojo yako! Lini utanipumuzisha?"

Siku hiyo baba mkwe hakugusa chakula. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Jioni wifi yangu akaingia bila hodi. "Mama Gloria, papa amenitelefonia analia. Eti unamutukana juu ya mikojo?"

"Miye? Nimutukane papa?"

Mlango wa chumba ukafunguka. Baba mkwe akatoka, kofia kichwani, mfuko mkononi.

"Naenda, mutoto yangu," akaniambia taratibu, bila hasira. "Lakini kitanda yangu iko ya kukauka. Kuya, ingia uguse weye mwenyewe."

Nikafungua mlango wa jiko, nikawaonyesha mbwa.