Mlango wa Kijani

Dada yangu ni mchoraji wa vitabu vya watoto, na kuishi naye ni adhabu. Ukikaa vibaya, anakuchora. Ukisinzia mdomo wazi, anakuchora. Mjomba alijikuta amekuwa mbuzi kitabuni, amevaa kofia yake ileile, akanuna mwezi mzima. Mimi nimeshakuwa fisi mara mbili. Nilipolalamika aliniambia nishukuru, maana ile mara ya pili fisi alikuwa na viatu.

Mtaani wanamwita Chorachora. Kwake yeye rangi si pambo. Mwongo humpaka zambarau, hata akiwa chura. Njaa kwake ni nyeupe, kwa sababu utotoni aliona sufuria tupu zimesuguliwa pe, hazina cha kupika. Na mtu akiondoka asirudi, dada huweka kijani. Hilo sikuhitaji kuuliza. Baba alipotuacha mimi nilikuwa mchanga, yeye ana miaka minne, na alichobaki nacho kichwani ni mlango wa kijani unaofungwa.

Sasa amepewa hadithi ya msichana ambaye baba yake anahama nyumbani. Kazi ya namna hiyo aliingoja miaka. Alichora mlango wa kijani, mkubwa, umejaza ukurasa mzima, na mtoto mdogo chini pembeni. Mhariri akaurudisha. Dada akarekebisha, ukarudi tena. Safari ya tatu mhariri alipiga simu, dada akafungua spika ili niwe shahidi wa dhuluma.

"Kijani ni matumaini, dada yangu," mhariri alisema. "Ni mimea, ni afya. Mtoto ataona mlango huo adhani baba kaenda kununua mchicha. Weka kijivu."

"Huzuni ya kijivu umeiona wapi wewe?"

"Kila mahali. Ijumaa nipate kijivu, la sivyo kitabu nampa mwingine."

Simu ikakatwa. Dada alirusha brashi kwenye sinki, maji ya rangi yakaruka hadi kwenye vyombo nilivyotoka kuosha. Nilimwambia aweke kijivu yaishe, mwenye nguvu mpishe. Akanitazama, nikajua nitakuwa fisi tena. Lakini nasema kweli, moyoni nilikuwa nimekasirika kuliko yeye. Mtu anakaa ofisini kwake na kukuambia uchungu wako una rangi gani!

Alhamisi mama akaja kututembelea. Alikuta karatasi imeegemezwa ukutani, sinki limejaa, na sisi hatusemezani. Dada alimdaka kabla hajaweka mkoba chini. Alitaka mtetezi.

"Mama, niambie wewe. Mlango wa nyumba yetu ile ulikuwa na rangi gani?"

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. "Kahawia."

"Aa, mama! Ulikuwa wa kijani."

"Kahawia, mwanangu, tena mbao zimebanduka huku chini. Mwenye nyumba hakuwahi kuupaka chochote." Akasogelea ile picha, akaitazama kwa muda. "Kijani lilikuwa gauni langu. Nilisimama mlangoni nikakupa mgongo, nimembeba huyu mdogo wako, usije ukamwona baba yako anavyotoka na sanduku. Ukawa unalivuta gauni unataka kupita. Sikukupisha."

Dada alikaa sakafuni. Nilidhani atalia, kumbe amepandwa na hasira.

"Vitabu vyote vile, mama! Kila mlango nimeupaka kijani! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Nilidhani unapenda tu milango ya kijani."

Hapo nilicheka, na kicheko hakikuwa mahali pake. Dada hata hakunisikia. Alichana ule mlango wake vipande viwili, kazi ya wiki nzima, akabandika karatasi mpya ubaoni.

"Mhariri na aseme atakavyo. Kijani kinabaki, mlango ndio unaondoka," alisema. Kisha akamgeukia mama. "Simama pale mlangoni, tafadhali. Nipe mgongo kidogo tu, nione lile gauni lingekaaje."

Mama hakusogea.

"Nilisimama mara moja, inatosha," alisema. "Mgongo wangu ulishauona."

Akavuta kiti, akakaa akitutazama.