Leseni ya Disketi Moja

Agathe alikuwa karani wa mradi wa ugonjwa wa malale pale Kabondo, na mwaka ule wa 1988, ofisi nzima, ni yeye peke yake aliyeisoma karatasi iliyokuja na disketi ya programu ya kutunzia orodha ya wagonjwa. Wengine waliiona takataka. Ilisema hivi: programu iwekwe kwenye kompyuta moja tu. Ukitaka kuihamishia nyingine, kwanza uiondoe kwenye ile ya zamani, leseni irudi ndani ya disketi, ndipo uende nayo. Agathe akamweleza mkuu wake, citoyen Wenceslas ("raia", ndivyo walivyoitana enzi zile), neno kwa neno. Bwana mkubwa akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mama Agathe, huku kwetu sheria iko moja: article quinze. Kila mutu ajipange!"

Alicheka, lakini masikio aliyatega. Jumapili alijifungulia ofisi, akaiondoa programu vilevile kama alivyofundishwa, akampelekea disketi shemeji yake Hemedi, mfanyabiashara, aiweke kwenye mashine yake mwenyewe. Hiyo ndiyo ahsante aliyopata mwalimu.

Jumatatu asubuhi gari la kwenda Banalia lilikuwa likinguruma uani. Muuguzi alingoja orodha ya watu sitini na watatu waliopaswa kurudia sindano wiki ileile, la sivyo malale yangewapanda kichwani. Agathe akawasha kompyuta. Orodha ilikuwamo, ila bila programu haikufunguka.

"Citoyen chef, disketi iko wapi?"

"Bon, iko na Hemedi. Amepanda bateau, ile meli ya Isangi, na mashine yake. Atarudi mwezi yenye inakuya." Wenceslas alikuwa anatafuna karanga, wala hakuacha. "Usikasirike, mama. Kamata karanga."

Akamnyooshea karatasi iliyoviringishwa, yenye karanga ndani. Agathe alitaka kuisukuma mbali, maana vidole vile vilivyolowa mate vilimtia kinyaa, mara akauona mwandiko wake mwenyewe: Émilie, Banalia, sindano ya pili. Ilikuwa karatasi ya mgonjwa! Kompyuta ilipofika, mkuu aliona makaratasi ya zamani hayana kazi tena, akampa mwuza karanga wa langoni boksi zima, bila kumwambia mtu.

 Agathe alizimwaga karanga zote juu ya meza, katikati ya mihuri ya bwana mkubwa, akatoka na karatasi yake bila kuaga. Langoni alinunua beseni zima la karanga zilizofungwa katika karatasi zile. Akaketi pale pale kwenye vumbi, anamwaga karanga, ananyoosha karatasi, anasoma jina, wapita njia wakidhani amerukwa na akili. Dirishani Wenceslas naye alikuwa akimcheka.

Gari liliondoka na majina kumi na moja. Yale hamsini na mawili yalikuwa yameshatupwa mitaani pamoja na maganda.