Mara ya Pili Alisema Neno Lingine

Katika chumba cha walimu cha shule ninayofundisha hapa Kasese, kulikuwa na miaka ambayo flashi za filamu zilizunguka mikononi zaidi ya chaki. Tamthilia za anga za juu ndizo zilizowashika watu: vyombo vinavyopita kati ya nyota, mashine zinazofikiri, mtu anayelala kijana akaamka na kukuta wajukuu wake wana mvi. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa na swali ambalo hakuchoka kuliuliza kila watu walipomaliza kutazama. Je, tamthilia ya namna hiyo inatazamika tena? Yeye alishikilia kwamba haitazamiki. Ukishajua msaliti ni nani na chombo kitatua wapi, alisema, umebaki unatafuna makapi ya muwa. Wengine walimbishia mpaka kengele ikalia. Mimi niliinama nikasahihisha madaftari, wakadhani ninaringa. Siringi. Swali lile lilinichoma tu, kwa sababu jibu langu lilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa amekufa.

Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee kwa mama yetu. Tulikulia Bwera, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na mama aliuza maharage na chumvi katika soko la Mpondwe. Mimi nilisoma mpaka chuo cha ualimu. Yeye aliacha shule mapema, wala si kwa ujinga. Mdomo wake ulikataa kukaa kimya darasani, na walimu wa wakati wetu hawakuwa na subira na midomo ya aina hiyo. Mdomo huohuo ndio uliokuja kumlisha. Akawa vijei, yaani mtu anayekaa pembeni mwa televisheni katika kibanda cha video, anapunguza sauti ya filamu ya Kizungu, halafu anawasemea wale waigizaji wote kwa kipaza sauti, wanaume, wanawake, watoto na mashine, kwa lugha ya wanaomsikiliza.

Kibanda alichofanyia kazi kilikuwa mali ya mtu mwingine, cha mbao na turubai, chenye mabenchi ya kukwaruza mapaja. Siku za soko kilijaa wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Beni na Butembo, upande wa Kongo, na wengine waliokuwa wamevuka bila nia ya kurudi, kwa sababu huko kwao kulikuwa hakukaliki. Kwa ajili yao alitafsiri kwa Kiswahili chao cha mpakani. Basi akaleta tamthilia moja ndefu, ambayo baadaye ilifika misimu mitatu, kuhusu watu waliokimbia sayari yao iliyokauka. Wako ndani ya chombo, wanatafuta sayari nyingine, na safari ni ndefu kiasi kwamba wanalala na kuamshwa kwa zamu. Mimi nilidhani wachuuzi wa samaki na vitenge wataikimbia. Hawakuikimbia hata kidogo.

"Hawa beko bakimbizi ya wapi?" mama mmoja wa Butembo aliuliza kwa sauti siku ya kwanza. "Mukimbizi gani anakimbia bila sufuria?"

Mdogo wangu hakusimamisha picha. Alijibu kwenye kipaza sauti, kwa sauti nzito ya kapiteni: "Sufuria iko nyuma, mama. Nilisema bapakie sufuria mbele ya batu."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Tangu siku hiyo chombo kile kilikuwa na stoo ya sufuria, ingawa hakuna aliyewahi kuiona. Mashine za kulinda milango zilisema kama maafande wa kizuizi cha barabarani: "Wewe! Simama hapo! Kitambulisho iko wapi?" Na daktari mzee wa chombo alitoka Karusandara, kule bondeni kwetu kwenye joto kali, kwa sababu alilalamika joto kila alipotokea.

Lakini jambo lililowafanya watu wa Bwera wasikifananishe kibanda chake na kingine ni hili. Alipoirudia tamthilia, hakuyarudia maneno. Kapiteni anasimama mbele ya kioo, anaiangalia sayari yake ikipotea. Mara ya kwanza alimsemea, "Kwaheri, nyumba yangu." Mara ya pili, picha ileile, kapiteni akasema, "Muhindi yangu nimeiacha bila kupalilia." Niliketi karibu na mlango siku hiyo, nikaona kicheko kikianza kisha kikakatika. Mwanamke mmoja mbele yangu alijifunika uso na kitenge. Yeye hakuwa ameacha mahindi. Aliacha maharage, jirani yake aliniambia baadaye, yakiwa yameanza kutoa maua.

Watu waliojua hadithi yote, mpaka mwisho wa msimu wa pili, walirudi tena na tena. Mama yetu alikuwa mmoja wao. Alifunika gunia lake la maharage, akamwachia jirani meza, akaenda kukaa benchi la mbele. Hakujua neno la Kiingereza. "Leo atasema nini?" aliuliza njia nzima. Hakuuliza kapiteni atafanya nini. Hilo alilijua zamani.

Mimi, na Kiingereza changu cha chuo, nilimkaripia mdogo wangu. Nilimwambia hiyo si tafsiri, ni uongo wa mchana kweupe. Tulikuwa tunakula bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki wa Kahendero, akanitazama kwa huruma ile ambayo watu wasiosoma huwaonea waliosoma.

"Dada," alisema, "picha imefungwa. Haiwezi kubadilika. Kama mimi pia nitajifunga, batu batarudi kuangalia nini?"

Nilikasirika. Niliondoka bila kumaliza chakula.

Ugonjwa wake ulianzia miguuni. Ilivimba, akasema ni kwa kukaa sana. Kisha uso ukavimba, na hapo hakuna aliyeweza kumdanganya mwenzake. Figo, walituambia katika hospitali kubwa ya mbali, na jinsi walivyolitamka neno lile nilijua tumechelewa. Katika miezi ile mwenye kibanda alimrekodi akitafsiri ile tamthilia, ili diski ziuzwe kwa watu wa ng'ambo ya mpaka. Alimaliza msimu wa kwanza na wa pili. Msimu wa tatu ulifika Bwera tukiwa tumeshamzika Munkunyu, katika shamba la marehemu baba.

Mama alikuja kuishi nami Kasese. Alikuwa mwanamke aliyeweza kumpigia kelele tajiri wa malori mpaka tajiri akaomba radhi, na sasa alikaa kwenye kiti jikoni akiitazama sufuria ikiungua. Alikula nikimwomba. Aliongea nikimuuliza. Niliogopa kwamba nitamzika na yeye kabla ya mwaka kwisha, na hofu hiyo ilinifanya nifanye kitu ambacho nilikuwa nakikwepa. Nilinunua deki, na Jumapili moja tulipotoka misani nikaiweka diski ya kwanza.

Sauti yake ilijaa sebuleni. Ilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka, yenye afya, yenye utundu. Niliikalia mikono yangu. Mama aliinua kichwa. Kapiteni alipoamuru chombo kiondoke, mama alimjibu mwanawe, "Ondoka basi, unangoja nani?" na akacheka. Nilitoka nje nikalia kwa furaha karibu na kamba ya nguo. Jioni ile alikula bila kuombwa.

Ikawa desturi yetu ya Jumapili. Tulimaliza diski zote, tukaanza upya. Kurudia kule kwa kwanza kulikuwa kutamu, nakiri, kutamu kuliko mara ya kwanza. Sikuwa tena na haraka ya kujua litakalotokea, kwa hiyo nilisikia mambo niliyoyapita: jinsi alivyompa mpishi wa chombo sauti ya mjomba wetu, jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kuigiza mtoto. Lau mwalimu wa hesabu angeniuliza wakati huo, ningemwambia amekosea kabisa.

Mara ya tatu nilianza kusikia zile pumzi vibaya. Katika msimu wa pili zilikuwa fupi. Alikuwa anakata sentensi katikati, anangoja, anamalizia, na watu wa kibandani, waliosikika nyuma yake, walicheka wakidhani ni mbwembwe. Nilijua pumzi ipi ingefuata na mahali gani angeshindwa. Nikajikuta nachukia ile tamthilia, nachukia nyota zake na kapiteni wake asiyeumwa kamwe. Jumapili nilianza kutafuta vyombo vya kuosha.

Mama hakuchoka. Alisogeza kiti karibu na televisheni, mpaka goti lake likagusa meza. Hakucheka tena, lakini alisikiliza kwa namna ambayo sijawahi kumwona mtu akisikiliza mahubiri, kichwa upande, jicho moja limefumbwa. Nikajielezea mambo, kama walimu tunavyopenda. Nikasema aliyefiwa hupenda kitu anachokijua mwisho wake, kwa sababu hakitamshtua. Nilimwambia hata jirani yetu hivyo, naye akasema nimesema kweli.

Halafu siku moja, katikati ya kipindi, mama alipiga meza kwa kiganja.

"Zima!"

Nilitoka jikoni na mikono yenye povu. Kapiteni alikuwa mbele ya kioo chake, sayari inapotea.

"Ni nini, mama?"

"Neno ileile," alisema. "Kila mara neno ileile. 'Kwaheri, nyumba yangu. Kwaheri, nyumba yangu.' Mutoto yangu hakukuwa mutu ya kurudilia neno."

Nilikaa chini. Nilimwambia polepole, kama ninavyowaambia watoto wa darasa la kwanza, kwamba hii ni diski, kwamba alirekodiwa mara moja tu.

"Najua iko diski. Mimi si mujinga." Alifuta macho kwa ncha ya kitenge, kwa hasira. "Lakini nilisema, labda mimi ndio sisikii muzuri. Labda iko fasi moja alisema ingine, nikapitwa. Nikasema nitege tu masikio. Huyu ananijua. Hawezi kuniachia neno moja tu."

Kumbe wiki zote zile alikuwa anangoja. Mimi nilidhani anaburudika na anachokijua, naye alikuwa amekaa benchi la mbele akingoja leo atasema nini. Uchungu nilioupata pale sijaupata hata kaburini Munkunyu, kwa sababu kaburini tulikuwa wengi, na hapa tulikuwa sisi wawili na televisheni.

Sikuweza kuiacha siku iishie hapo. Msimu wa tatu ulikuwa kabatini, bado umefungwa kwa karatasi yake ya nailoni. Mwenye kibanda alinipa siku ya arobaini, akisema labda nitampata mtu wa kuutafsiri. Niliufungua kwa meno. Nikaweka diski, nikapunguza sauti ya Kizungu mpaka ikawa mnong'ono, nikavuta kiti pembeni mwa televisheni, nikimwelekea mama.

Nikatafsiri. Nilijitahidi. Niliwasemea wote, na nikayasema yale waliyoyasema kweli, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyajua. Mama alisikiliza kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgeni. Chombo kilikuwa kimeikaribia sayari mpya, ya kijani, na watu waliamshwa wote mara moja, bila zamu. Watoto walikimbilia madirishani. Kapiteni, amezeeka sasa, alishuka ngazi wa mwisho. Alikanyaga udongo, akainama, akachukua udongo kidogo mkononi. Alifungua kinywa.

Nilisikia alichokisema kwa Kiingereza. Yalikuwa maneno matatu tu, ya kawaida, ya kushukuru. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie mama, na mama akaweka mkono wake juu ya goti langu.

"Ngoja," alisema. "Yeye angesema nini hapo?"

Nilimtazama yule mzee na udongo wake. Nilitafuta. Nilimtafuta mdogo wangu katika kila utani wake niliowahi kuukemea, katika sauti ya mpishi, katika maafande wa mlangoni. Tulitoka tumbo moja, tulilala mkeka mmoja, nilimfundisha kusoma kwa kidole changu. Picha ilikuwa inaendelea, watu wanateremka, wanakumbatiana.

"Sijui, mama," nilisema.

Hakuondoa mkono wake.

"Na mimi sijui," alisema.