Nilimuua Tuerca Redioni, Saa Nne Asubuhi

Aliyeshika kikombe cha chai akiweke chini kwanza. Hii ikikukuta vibaya utajimwagia.

Mwaka jana watu elfu ishirini walimlilia rafiki yangu marehemu mbele ya macho yangu. Walilia kweli, siyo utani, makamasi na kila kitu. Uwanja mzima simu zimewashwa taa.

Muda huo huo marehemu alikuwa mtaani kwao Neza anafua soksi.

Ndiyo, soksi. Mzima wa afya.

Aliyemuua ni mimi. Nilimuua kwa mdomo, redioni, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Majina nimebadilisha, hata la bendi. Ila watu wa Neza mkisoma mtanijua tu. Mnitukane, haki yenu.

Mimi niite Nélida.

Nilianza kuimba nina miaka kumi na saba. Nywele nimenyoa panki, nimezipaka kijani kwa rangi ya kitambaa, nikitoka jasho inanichuruzika mpaka mdomoni. Bendi yetu iliitwa Jino Bovu. Mimi sauti, Gato drams, na gitaa la besi alipiga Tuerca.

Tuerca kwetu ni nati. Baba yake alikuwa fundi magari, na yeye alivaa nati ya lori shingoni kama mkufu. Jina lake la kanisani hata mimi nilichelewa kulijua.

Tulipiga popote penye soketi. Uani kwa watu, gereji, siku moja tulipiga kwenye duka la matairi mpaka tairi zikaanza kubiringika zenyewe. Jumamosi tunaenda soko la Chopo kubadilishana kanda na mashati. Pale ukionekana unajipendekeza kwa watu wa redio, unazomewa mpaka unasahau ulichofuata.

Na nyimbo zetu hazikuwa na mwenyewe. Kwenye kanda tuliandika "zimetungwa na wote", basi.

"Anayeandika jina lake kubwa ni mwanasiasa," Tuerca alikuwa anasema.

Ila ukweli ni huu: nyimbo zote alitunga yeye.

Kali kuliko zote iliitwa "Lori". Lori la maji. Mtaani kwetu bomba likikauka unapanga ndoo barabarani unasubiri lori, siku ya kwanza, ya pili, wiki. Tuerca akaandika:

"Nakusubiri na ndoo yangu tupu,
uliniahidi Jumatatu, leo Ijumaa,
njoo, mshenzi, njoo!"

Dakika moja na nusu, mbio tupu. Watu walikuja na ndoo kabisa wakazipiga mpaka zikapasuka.

Basi siku moja tumemaliza kupiga, nimekaa pembeni nakula taco, chapati ya mahindi yenye nyama, akanifuata jamaa mmoja shati limepigwa pasi. Leandro. Meneja.

"Wewe una sauti," akaniambia. "Hao wenzako wana kelele."

"Sisi ni bendi, kaka."

"Bendi sina pa kuiweka. Gari langu lina kiti kimoja."

Ningependa kuwaambia nilifikiria siku tatu, nikalia, nikaomba ushauri. Hapana. Nilifikiria mpaka nilipomaliza ile taco.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na shoo mji jirani, Ecatepec. Tuerca na Gato wakanisubiri barabarani, wamekaa juu ya maspika, mahali tulipokuwa tunakutana siku zote. Walinipigia mara kumi na tisa.

Mimi nilikuwa studio. Simu ipo mapajani, inatetemeka, naliangalia jina la Tuerca linakuja, linaondoka. Linakuja, linaondoka.

Jioni ikaingia meseji ya Tuerca: "Neli, uko salama? Tumepita hospitali mbili tunakutafuta."

Yaani mimi nimewakimbia, wao wananitafuta wodini.

Sikujibu.

Leandro akaniuliza, "Huna wimbo wowote wako?"

Nikampa "Lori".

Watu wa studio wakausikiliza, wakakuna vichwa. "Ndoo haiuzi," mmoja akasema. Basi ndoo ikageuka moyo. Mshenzi akageuka mpenzi. Dakika moja na nusu ikawa dakika nne, na violini juu. Kwenye karatasi ya mtunzi nikaandika jina moja, na nyie mnalijua ni la nani.

Hata nywele wakazirudisha nyeusi.

Wimbo ukatoka, ukaanza kupanda. Nikaitwa redio kubwa, ile asubuhi. Mtangazaji alikuwa amejiandaa kuliko nilivyodhani.

"Nélida, nimesikia zamani ulikuwa na bendi ya panki kule Neza. Wenzako wako wapi? Yule binti wa besi mbona hayupo nawe leo?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimwacha barabarani juu ya spika. Maneno matano tu.

Lakini ukiwa umekaa kwenye kile kiti, nchi nzima inasikiliza, mdomo unatafuta mlango wa kutokea.

"Alifariki," nikasema.

Mtangazaji akavua spika zake za masikioni taratibu.

"Pole sana. Kwa hiyo huyu unayemsubiri kwenye wimbo…"

"Ndiyo," nikasema. "Ni yeye."

Na nikalia, jamani. Hapo ndipo ninapojichukia. Machozi yalikuja yenyewe, tena matamu.

Kufika mchana kila simu ya mjini inapiga wimbo wangu. Kufika Ijumaa wamama wanauimba kanisani. Lori la maji linaliliwa kanisani!

Kurasa zangu zikajaa. Watu wa Neza wakaingia kwenye komenti kusema ukweli. Mmoja akaandika, "Tuerca gani huyo aliyekufa? Nimemwona leo asubuhi ananunua nyanya."

Mashabiki wakamrukia kama nyuki. "Huna mama wewe? Waache marehemu wapumzike!" Akatukanwa siku mbili mpaka akafunga ukurasa wake.

Mimi nilisoma zote. Kidole kipo juu ya kioo. Sikuandika hata herufi.

Leandro alikuja kuniuliza tukiwa ndani ya gari. "Kwani yule rafiki yako alikufa kweli?"

"Hapana."

Akaongeza sauti ya redio. "Sijasikia. Kwani nimeuliza kitu? Sijauliza."

Tuerca hakunipigia. Hakunitukana. Gato ndiye alituma meseji moja tu: "Mama yake analetewa maua ya msiba mlangoni."

Nikazidi kupanda. Ukumbi mdogo, ukumbi mkubwa, uwanja. Mabango yangu barabarani, tangazo la viatu, kila kitu. Watu wa roki wenye miaka thelathini kazini wananiita dada.

Ikafika sikukuu ya wafu, tarehe mbili Novemba. Leandro akaja na wazo: jukwaani tuweke meza ya marehemu, kubwa, ghorofa tatu, maua ya njano, mishumaa, mkate, bia aliyoipenda. Na juu kabisa, picha ya Tuerca.

"Picha unayo wewe," akasema.

Sikilizeni. Kwetu picha ya mtu aliye hai haiwekwi kwenye meza ile. Mtoto akiweka hata kwa kucheza, bibi anamchapa ndala hapo hapo. Ile meza unamwita aliyeondoka aje ale. Aliye hai ukimweka pale, unamfungulia njia ya kwenda.

Nilijua hayo tangu sijaota meno.

Nikaipanda ile ngazi na viatu virefu, nikaiweka picha. Ana miaka kumi na tisa, anatoa ulimi, nati shingoni.

Nikaimba. Elfu ishirini wakalia. Soksi nimeshawaambia.

Siku ya kumi baada ya hapo, simu ikaita namba nisiyoijua.

"Nélida, ni mama Eulalia."

Mama yake Tuerca.

"Shikamoo mama."

"Njoo nyumbani." Akakata.

Nilienda mchana, kofia na miwani. Mama Eulalia akafungua mlango, akaniangalia kuanzia chini mpaka juu. Mimi nimelala kwenye sakafu ya nyumba ile miaka miwili, nimekula maharage yake, ananijua kuliko ninavyojijua.

Tuerca alikuwa amekaa kwenye kochi. Nyusi ya kushoto imeshonwa nyuzi sita, jicho limevimba.

"Karibu nyota," akasema. "Samahani sisimami, nimekufa."

Nikacheka kwa bahati mbaya. Halafu nikaanza kulia.

"Hapana, hapana," akasema. "Umeshanililia vya kutosha, tena kwa kiingilio."

Mama Eulalia akaniwekea kahawa mezani. "Mimi nilikulisha wewe," akasema. "Na wewe mwanangu umemweka kwenye meza ya wafu. Unajua tangu siku ile sipumziki? Akichelewa kuamka naenda kuweka mkono puani nione kama anapumua."

Nikamgeukia Tuerca.

"Jicho limefanyaje?" nikauliza.

"Mashabiki wako," Tuerca akasema. "Kulikuwa na sherehe ya mtaa, nikaomba nafasi ya wimbo mmoja. Nikapiga 'Lori', lile letu, la mbio. Watu wakaanza kupiga kelele: acha kumdhihaki marehemu! Nikasema jamani, marehemu mwenyewe ni mimi, mimi ndiye Tuerca. Hapo ndipo chupa ilipokuja."

Akagusa nyuzi zake.

"Kazini wananiita tapeli. Gato mwenyewe hapati pa kupiga akiwa na mimi. Nikitaja jina langu napigwa, Neli. Jina langu mimi."

"Nikupe nini?" nikasema. "Sema chochote. Nyumba, gari, karatasi za wimbo, sema."

"Sema niko hai."

"Tu?"

"Tu. Simu si hiyo unayo? Tangu umeingia hujaiweka chini."

Kweli. Nilikuwa nimeishika.

Nikakaa naye kochi moja, bega kwa bega, nikafungua laivu. Dakika ya kwanza watu elfu arobaini. Dakika ya pili laki moja.

"Huyu ni Tuerca," nikasema. "Yuko hai. Mimi nilidanganya."

Nawaambia ukweli, nilihisi kama nimetua gunia la saruji mgongoni. Tuerca akanishika mkono. Mama Eulalia nyuma yetu akafanya ishara ya msalaba.

Halafu komenti zikaanza kupanda.

"Huyo ni nani?"

"Tuerca alikuwa mwembamba, huyu ni mnene."

"Neli wamekuteka? Kama wamekuteka gusa nywele!"

"Tapeli huyo, ndiye yule wa kwenye sherehe! Polisi wako wapi?"

Tuerca akachomoa kitambulisho, akakisogeza kwenye kamera. "Someni basi! Brígida Tovar, hilo ndilo jina langu!" Akaanza kulia. Sijawahi kumwona Tuerca akilia, hata baba yake alipozikwa.

"Kitambulisho cha kughushi hicho," mtu akaandika.

Juu ya kioo ikashuka meseji ya Leandro. Sote wawili tuliiona.

"Wanadhani ni maigizo. Asante Mungu. Sema ni video mpya. Usiposema, kesho huna wimbo, huna uwanja, huna kitu. Sekunde kumi."

"Usimsome huyo," Tuerca akaninong'oneza. "Niangalie mimi."

Laki mbili na nusu.

"Neli. Niangalie mimi."

Niliangalia simu.

"Asanteni sana jamani," nikasema, na sauti ikatoka nzuri, ile ya jukwaani. "Hicho kilikuwa kionjo cha video yetu mpya. Mpigieni makofi mwigizaji wetu!"

Nikazima.

Tuerca alikuwa bado anaitazama simu iliyozimwa, kitambulisho amekishika vile vile, amesahau kukishusha.

Mama Eulalia akaja akachukua kile kikombe cha kahawa mbele yangu. Sikuwa nimekigusa. Akaenda nacho jikoni, akakimwaga, akakiosha, akakifunika.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi toka."

Nikatoka.

Ile laivu imeangaliwa kuliko nyimbo zangu zote. Video ilitengenezwa kweli, wakatafuta mwigizaji wa kweli, mwembamba. Tuerca kahama Neza na mama yake, Gato hataki kuniambia wameenda wapi, na namuelewa.

Na unajua komenti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ipi? Imegongwa mioyo elfu tisini. Naikumbuka neno kwa neno:

"Kazi nzuri Neli, ila huyo mwigizaji wako hajui kulia."

Mtaniuliza kwa nini naandika hapa. Ningeweza kusema kwamba nilishasema ukweli mkakataa kuamini. Ila huko ni kujitetea. Mliamini nilichowaambia mwishoni, na mwishoni niliwadanganya.

Nilichojifunza ni kidogo, kichukueni. Uongo wa redioni niliusema kwa hofu, ulinitoka kabla sijafikiri. Huo ningeweza kuuombea msamaha na labda ningepewa. Wa kwenye kochi niliusema nikiwa nimeshaonja ukweli, mkono wake upo mkononi mwangu. Aibu ya kwanza inakufundisha. Ya pili inakuonyesha wewe ni nani.

Sasa nijibuni, na msinipambe. Una sekunde kumi, laki mbili na nusu wanakutazama, kila ulichokitaka tangu utotoni kiko kwenye kioo, na rafiki yako pembeni anasema niangalie mimi.

Wewe ungeangalia wapi?