Niliyemshikia Kiti Maktabani

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa. Hayakumpata binamu wa rafiki wa jirani yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, ndani ya maktaba ya chuo kikuu hapa Kampala, tena mchana, saa ambayo mizimu yenye adabu ilipaswa kuwa imelala.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, na Kiswahili ndiyo lugha niliyobembelezwa nayo na kutukanwa nayo. Watoto wa kambi hatuogopi ovyo. Tumekulia kwenye mistari ya nyumba za mabati, tumesikia kila aina ya uongo wa walinzi wa zamu, na mtu akituambia ameona jini tunamuuliza alikuwa amekunywa nini. Kwa hiyo nielewe: ninayekusimulia si mwoga, na wala si mlokole anayeona shetani kila kona.

Maktaba yetu ilikuwa na sheria nyingi kuliko kambi. Begi unaliacha mlangoni, unapewa kibao chenye namba. Chakula marufuku, simu kimya. Kitabu ukishakisoma usikirudishe rafuni mwenyewe, kiache mezani, kwa sababu ukikichomeka pasipo pake hakuna atakayekiona tena mpaka kiyama. Hizo tulizifuata, huku tukinung'unika. Lakini ilikuwapo moja iliyobandikwa kwenye kila nguzo ambayo hakuna aliyeijali: ni marufuku kumshikia mtu kiti. Nani angeifuata? Wakati wa mitihani tulijaa mle ndani kama senene wa Novemba, na viti ni vile vile. Unaamka mapema, unaweka sweta lako kitini, halafu unakwenda kunywa chai kwa raha zako. Sweta la mwenzako huligusi. Na mtu akikuomba umshikie kiti unamshikia, kwa sababu kesho mwombaji ni wewe.

Adui wa masweta alikuwa mkutubi wetu, mama mmoja mtu mzima kutoka kaskazini, mjane wa polisi. Tulimwita Madam Sheria, ila si mbele yake. Alikuwa akipita kati ya meza akiyakusanya masweta mkononi kama mtu anayeanua nguo. Ukilitaka la kwako unalifuata kaunta, uhubiriwe kwanza. Kwa mambo mengine alikuwa mwema kabisa, angepanda hadi ghorofa ya juu kukutafutia kitabu ambacho wewe mwenyewe umeshakikatia tamaa. Lakini ukigusia habari ya kiti, sura inabadilika. Sisi tukasema ni roho mbaya tu, uzee.

Siku yenyewe nilikuwa na mtihani saa nane mchana. Ulikuwa wa mwisho wa mwaka wa mwisho, na nilikuwa nimeshaufeli mara moja. Kuukosa kulimaanisha kurudi Namuwongo na kukaa mwaka mzima nikimtazama mama yangu, ambaye alikuwa ameshawaambia majirani wote habari za mahafali na ameshamtenga jogoo wa siku hiyo. Unaona nilivyobanwa?

Nilipata nafasi dirishani. Mimi nikisoma huwa nanong'ona, na huwa najieleza mambo kwa Kiswahili ndipo yaingie. Nje wingu lilikuwa limeshashuka, na mle ndani kukawa na giza kiasi cha watu kusogeza madaftari karibu na vioo. Ndipo nikasikia mtu akisimama kando yangu.

"Nyabo, wewe najua Kiswahili?"

Nikainua macho kumwona huyo anayeniita nyabo, yaani dada. Msichana wa umri wangu, mwembamba, ana begi begani. Nikajiuliza amepitaje mlangoni na begi. Nikamjibu kwamba najua.

"Basi nishikie kiti hii. Naludi sasa hivi."

Akavua sweta, la rangi ya maziwa, akaliweka kwenye kiti cha pembeni yangu. Nikasema "kale", yaani sawa, kama tunavyosema wote, bila hata kufikiri. Akashukuru kwa kupiga goti kidogo, akaenda zake. Sikumtazama akitoka. Laiti ningemtazama.

Mvua ikaanza. Niliweka mkono juu ya lile sweta ili lisiteleze, nikakuta limelowa. Limelowa chapa, niamini, wakati tone la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza linagonga dirisha.

Nikasema labda alimwagikiwa maji. Nikaendelea kusoma. Saa ya ukutani ilipokaribia saa saba na nusu nikakusanya karatasi zangu, nikasimama, nikatembea hadi mlangoni. Nakumbuka nilimwona mlinzi. Nakumbuka nilianza kutoa kibao cha begi mfukoni. Halafu nikajikuta nimekaa, pale pale dirishani, mkono juu ya sweta.

Utaniambia nilisinzia. Mimi pia nilijiambia hivyo. Nikasimama tena, safari hii nikihesabu meza kwa kidole, na nikapita ya mwisho kabisa. Nikajikuta nimekaa. Nikajaribu kuliacha sweta chini, nikajaribu kukimbia, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyeinua kichwa kunitazama. Miguu haikuniuma, hakuna aliyenishika. Ni kwamba kila nilikokwenda, mwisho wake ulikuwa kile kiti.

Hapo niliogopa. Nilianza kulia kimya kimya, machozi yanadondokea maelezo ya somo lenyewe. Mwenzangu wa darasa akapita akielekea kwenye mtihani, akaniita kwa mkono, na wazo likanijia kwamba nikimwambia "nishikie mimi kidogo" nitaachiliwa. Nililijua hilo bila kufundishwa. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Sijui kama ningesema. Mpaka leo sijui.

"Wewe mtoto, nani anashika kiti hii?"

Madam Sheria alikuwa amesimama nyuma yangu, masweta ya watu mkononi. Sauti ilikuwa ile ile ya siku zote, ya kugomba. Nikamwambia yote kwa pamoja: msichana, begi, mlango, mtihani wa saa nane. Nilitegemea anicheke. Akaliangalia lile sweta la maziwa, akaacha yale mengine yote yaanguke sakafuni.

"Alisema nini?"

"Amesema anarudi sasa hivi."

"Alipiga goti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Madam akashika ukingo wa meza.

"Iko miaka mingi," akasema. "Mvua kama hii. Alikuwa na mtihani, na permit ya kuingia alisahau kwao Bwaise. Akaniambia, Mama, nishikie kiti. Mimi nikamwambia nenda mwanangu, mimi hapa, utakuta kiti yako. Mufereji ya Bwaise ikamubeba."

Nikampa pole. Yeye akalichukua sweta, akalikunja kama nguo ya mtoto, akavuta kiti cha tatu karibu na kile, akaketi.

"Aliniomba mimi, si wewe. Amekosea mtu tu. Simama."

"Mama, sitaki ubaki na..."

"Simama! Mtihani haingoji. Nenda."

Nikasimama. Nikatembea. Meza ya mwisho ikapita, mlinzi akapita, mlango ukapita, na mvua ikanipiga usoni. Sijawahi kuipenda mvua namna ile. Nilifika kwenye chumba cha mtihani nimelowa kama kuku, wakati wanafunga mlango, na nikafanya mtihani wangu huku kalamu inateleza mkononi. Begi nililisahau kabisa.

Nilipolirudia jioni mvua ilikuwa haijakatika. Mlinzi alikuwa ameinama dirishani akimbembeleza Madam atoke, maktaba inafungwa. Yeye amekaa wima, mikono juu ya sweta, anatazama mlango. Alikaa hivyo hadi tone la mwisho. Ndipo akainuka mwenyewe, akachukua mkoba wake, akamuaga mlinzi kwa adabu kana kwamba hakuna lililotokea. Na lile sweta? Mlinzi anasema hakuona sweta lolote.

Nilifaulu. Jogoo akaliwa. Lakini Madam Sheria kuanzia siku ile kila mvua ikinyesha aliiacha kaunta na kwenda dirishani, na wakubwa zake walivumilia, kisha wakampumzisha. Sasa yuko nyumbani kwake, kule upande wa Mulago, pamoja na binti yake. Huwa namtembelea. Jua likiwaka ni mama wa kawaida, anasonga kwon, ugali wa kwao, ananiuliza nitaolewa lini. Wingu likishuka anavuta kiti cha wageni karibu na chake, anaweka mkono juu yake, na ole wako ukikikalia. Wajukuu wanajua, wanakula mkekani.

Na mimi? Mimi siwezi tena kumshikia mtu nafasi. Kanisani, kwenye foleni ya hospitali, hata siku ya harusi ya dada yangu shangazi alipotaka kwenda kujisaidia. Nasema hapana. Wananiona nina maringo. Waache wanione hivyo.

Mwezi uliopita mvua ilinikuta kwa Madam. Nikashindwa kujizuia, kwa sababu nampenda yule mama, na kwa sababu kwenye ile nafasi ningekuwa nimekaa mimi. Nikamwambia, "Mama, mwambie ukweli basi. Mwambie alishakufa, mtihani ulishapita, aende akapumzike."

Hakunikasirikia. Alikuwa akitazama mlango.

"Mimi ndiye nilimwambia atakuta kiti," akasema. "Nimwambie nini sasa?"

Ninalo hili tu la kukupa wewe unayenisikiliza, hasa kama u mwanafunzi na unadharau yale maandishi ya kwenye nguzo. Mtu akikwambia umshikie kiti, usikimbilie kusema "kale". Muulize kwanza anakwenda wapi. Na kama ni mzima, na mvua inakuja, mkamate mkono, mwambie mtihani utarudiwa. Mwambie akae.